Mashine za mpunga Ifakara: tunalipia umeme usiokoboa hata punje



Kila msimu wa mavuno ukifika Ifakara mada vijiweni ni ileile: umeme. Mara umeme mdogo na mashine hazizunguki vizuri, mara mota imeungua, mara bili imevimba kuliko mwezi uliopita wakati magunia yaliyokobolewa ni yaleyale. Na jibu tunalopeana ni moja: umeme wa nchi hautoshi, mabwawa yajengwe.

Haya, mabwawa yamejengwa. Kidatu ilianza mwaka 1975 na kufikia megawati 204 mwaka 1980. Kihansi ilikamilika mwaka 2000, megawati 180. Na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka mto Kilombero. Yaani maji yanayotiririka pembeni ya mashamba yetu ya mpunga ndiyo yanayokwenda kuwasha taa Dar.

Kwa hiyo wimbo wa "megawati hazitoshi" umeanza kuchuja. Tuliuzoea tangu mgao wa 2006, Mtera ilipokauka na nchi nzima ikawa inahesabu megawati kama mtu anayehesabu senti za mwisho mfukoni. Lakini megawati ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili haizungumzwi, na ndiyo inayomkamua mwenye mashine ya kukoboa, ambaye naye anamkamua mkulima. Nusu hiyo ni pawa fakta. Na dawa yake, kapasita, watu wengi wanauziwa bila hesabu, au hawauziwi kabisa.

Abiria asiyeshuka

Wanaokumbuka kivuko cha mto Kilombero kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018 watanielewa haraka. Fikiria kivuko cha kubeba watu 100. Kati yao 70 wanakwenda kweli Ulanga na mizigo yao. Wengine 30 wanapanda, wanavuka, hawashuki, wanarudi nacho. Zamu inayofuata, hivyohivyo. Hawajafanya kazi yoyote ng'ambo, lakini wamekalia nafasi, na mwenye gunia amebaki kwenye foleni.

Mota ya umeme inaleta abiria wa namna hiyo. Ili izunguke inahitaji sumaku ndani yake, na sumaku hiyo inaumbwa na umeme. Kwenye umeme wetu wa hezi 50, mota inaazima umeme wa sumaku na kuurudisha mara 100 kwa sekunde. Haukoboi mpunga, haupashi joto, lakini unapita kwenye waya, kwenye transfoma na kwenye laini yote kurudi mpaka kwenye mtambo unaouzalisha. Umeme wa kazi tunaupima kwa kilowati (kW). Huu wa sumaku unapimwa kwa kVAr. Mzigo wote unaobebwa na waya, wa kazi na wa sumaku kwa pamoja, ni kVA. Pawa fakta ni kW gawanya kwa kVA. Ikiwa 1, abiria wote wanashuka. Ikiwa 0.7, una tatizo.

Kapasita nayo inaazima na kurudisha, ila kwa zamu iliyo kinyume na mota. Mota inapotaka, kapasita inatoa. Mota inaporudisha, kapasita inapokea. Kwa hiyo ukiiweka pale pale kwenye mashine, mkopo unaishia uani kwako na laini inabaki kubeba umeme wa kazi. Ni sawa na kuwapa wale abiria 30 mtumbwi wao wazunguke nao gatini, kivuko kibebe wenye safari.

Hesabu ya mwenye mashine

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kukoboa chenye mashine kadhaa, kinachovuta kW 120 kazi ikiwa imepamba moto, pawa fakta 0.72. Kwa sehemu yenye mota nyingi hicho si kiwango cha ajabu.

kVA zake ni 120 gawanya kwa 0.72, yaani 167 hivi. Mteja wa ukubwa huu anaingia kundi la T2, wale wanaotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi na kVA zisizozidi 500. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, T2 analipa mara mbili: shilingi 195 kwa kila uniti, halafu shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele chake cha mwezi. Hapo ndipo wengi hawasomi bili. Wanaangalia uniti, wanalalamika, wanalipa.

Kiwanda chetu kikifanya kazi saa 8 kwa siku 26, kinakula uniti karibu 25,000, sawa na shilingi milioni 4.9. Kwenye kVA kinalipa 167 mara 15,004, yaani milioni 2.5. Theluthi moja ya bili kabla ya kodi inatokana na kilele cha kVA!

Sasa tuinue pawa fakta mpaka 0.95. Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kila kW moja ya kilele, ili kufika 0.95 unahitaji kVAr hizi:

Kutoka 0.70: kVAr 0.69
Kutoka 0.72: kVAr 0.64
Kutoka 0.75: kVAr 0.55
Kutoka 0.80: kVAr 0.42
Kutoka 0.85: kVAr 0.29

kW 120 mara 0.64 ni karibu 76. Kapasita za jumla ya kVAr 75 zinatosha. Kilele kinashuka kutoka kVA 167 hadi 127. Pungufu ni kVA 40, na kwa bei ile ni karibu shilingi 600,000 kila mwezi wa kazi kamili, kabla ya VAT. Uniti zinabaki karibu zilezile kwa sababu mpunga uliokobolewa ni uleule.

Na kwa nini 0.95, tusiende mpaka 1? Kwa sababu faida inakwisha njiani. Kutoka 0.72 hadi 0.95 kVAr 75 zimekuondolea kVA 40. Kutoka 0.95 hadi 1 utahitaji kVAr nyingine 40, na zitakuondolea kVA 6 au 7 tu, shilingi laki moja hivi. Fundi anayekuambia "tuzijaze tu ziwe nyingi" anataka kuuza.

Kuhusu bei ya vifaa, sitaandika namba maana kila duka na lake. Chukua bei uliyotajiwa pamoja na ufungaji, igawe kwa kiasi utakachookoa kwa mwezi, na bei ya kVA isome kwenye bili yako mwenyewe. Jibu ni miezi ya kazi, na miezi ya kazi si miezi ya kalenda. Bondeni mpunga unavunwa zaidi kati ya Mei na Julai; mashine zinachemka miezi michache, kisha zinapoa. Atakayekuambia fedha itarudi baada ya miezi kumi, jua kwamba kwako inaweza kuwa misimu miwili.

Wanapopigwa watu

Kosa la kwanza ni kutosoma kibandiko. Nguvu ya kapasita inategemea volti, tena kwa kipeo cha pili. Kapasita iliyoandikwa kVAr 75 kwa volti 440, ukiifunga kwenye umeme wa volti 400 inatoa 62 tu. Umelipia 75, umepata 62, na karibu shilingi 70,000 kwa mwezi zinaendelea kutoroka kwenye mfano wetu. Sisemi zile za 440 ni mbaya. Pale umeme unapopanda na kushuka hovyo zinastahimili zaidi. Ila ukizichagua, nunua za 90 upate 74. Hiyo ndiyo hesabu.

Kosa la pili linafanana na hilo. Umeme ukishuka mpaka volti 350, kapasita ya 75 iliyotengenezewa volti 400 inatoa 57. Yaani inalegea wakati unaihitaji zaidi. Kwa hiyo kapasita si dawa ya laini mbovu. Kama volti yako inaanguka mpaka huko hata mashine zako zikiwa zimezimwa, tatizo halipo kwako.

Kosa la tatu ni kufunga kapasita moja kubwa ya moja kwa moja. Jioni mashine zinazimwa, zinabaki taa na friji ya soda, lakini kVAr 75 bado zimo kwenye waya. Hapo unasukuma umeme wa sumaku kurudi kwenye laini na volti inapanda. Balbu za jirani zikipasuka msishangae. Kwa mzigo unaobadilika, nunua zenye vipande, kwa mfano vitano vya 15, na kidhibiti kinachoviingiza na kuvitoa chenyewe kulingana na kazi.

Kosa la nne ni kuunga kapasita kwenye miguu ya mota moja bila kupima. Kanuni ya mafundi ni kwamba isizidi asilimia 90 ya kVAr ambazo mota inavuta ikizunguka tupu. Ukizidisha, umeme ukikatika wakati mota bado inazunguka, inaweza kujizalishia umeme yenyewe na volti ikaruka juu. Mota inaungua, halafu lawama zinakwenda TANESCO.

La tano linahusu viwanda vipya vyenye inveta na mashine za kuchambua mchele kwa rangi. Vifaa hivyo vinachafua wimbi la umeme, na kapasita tupu zinaweza kuitikia uchafu huo kama ngoma inavyoitikia sauti, zikapata joto na kuvimba. Hapo unahitaji zenye koili za kuzuia, na mtu wa kupima kwanza.

Na jamani, usalama. Kapasita ikizimwa haifi papo hapo. Zilizotengenezwa vizuri zina vizuizi vya kumwaga umeme uliobaki, na kiwango cha kimataifa kinataka zishuke chini ya volti 75 ndani ya dakika 3. Subirini zaidi ya hapo, pimeni, ndipo mguse.

Kabla hujatoa hata shilingi

Ipo dawa ya bure. Mota inayozunguka tupu inavuta karibu theluthi ya umeme wake wa kawaida, na karibu wote ni ule wa sumaku. Tembelea sehemu za kukoboa mchana: mashine inanguruma, mpunga hakuna, mwendeshaji anasubiri mteja ashushe magunia kwenye bajaji. Pawa fakta ya mota hiyo inaweza kuwa chini ya 0.2. Panga magunia kwanza, washa baadaye.

Pili, mota kubwa kuliko kazi. Mota ya hospawa 40 ikiungua, dukani kuna ya 50, inafungwa ya 50 "ili iwe na nguvu". Kazi ni ya hospawa 25. Mota hiyo itabeba sumaku yake kubwa maisha yake yote na wewe utailipia. Ukirekebisha hayo mawili, pima upya; huenda kVAr 75 zikawa 50.

Wadogo je?

Hapa ndipo mada inapokuwa ya siasa, maana mashine nyingi za mitaani na vijijini haziko T2. Ziko T1. Mteja wa T1 kwa bei zile za 2016 alipangiwa shilingi 292 kwa uniti, na hakuna malipo ya kVA. Mita yake inahesabu uniti tu, yaani umeme wa kazi. Akifunga kapasita, bili yake haishuki kwa kiasi cha kuonekana. Huo ndio ukweli, hata kama muuzaji ameapa.

Hivyohivyo kwa nyumbani. Vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa mitandaoni kwamba vitapunguza LUKU kwa nusu, ndani yake mara nyingi kuna kapasita ndogo na taa ya kijani. LUKU inahesabu uniti, na kapasita haipunguzi uniti za pasi wala za jiko. Umenunua taa ya kijani.

Lakini angalia kinachotokea kwenye laini. Mashine moja ya T1 ni abiria mmoja asiyeshuka. Mashine 50 kwenye laini moja ni kivuko kizima. Kwa miaka mingi umeme wa Ifakara ulitoka Kidatu kwa laini ya kilovolti 33, zaidi ya kilomita 60. Kwenye laini ya urefu huo, ukibeba megawati 5 kwa pawa fakta 0.8, hesabu ya kawaida ya waya wa wastani inakupa upungufu wa volti wa asilimia 17 hivi mwishoni. Megawati 5 zilezile kwa 0.95, upungufu unashuka kuelekea asilimia 12 au 13. Na umeme unaopotea njiani kama joto unapungua kwa asilimia 29. Hakuna nguzo mpya iliyosimikwa wala bwawa lililojengwa.

Mtasema: kituo cha kupoza umeme cha Ifakara kimeshajengwa, cha kilovolti 220 kwa 33, kwa fedha za Serikali na Umoja wa Ulaya kupitia REA. Kweli, na ni jambo kubwa. Umeme mkubwa umesogezwa karibu, ile safari ndefu imekatwa. Lakini kutoka kituoni hadi vijiji vya Ulanga na Malinyi bado ni mbali. Na transfoma yenyewe inahesabiwa kwa MVA, si kwa megawati. Transfoma ya MVA 20 kwa pawa fakta 0.8 inatoa megawati 16. Kwa 0.95 inatoa 19. Hizo megawati 3 ni mashine nyingi sana za kukoboa, na zinapotea kwa sababu hakuna mtu anayejiona anahusika.

Huo ndio msingi wa hoja yangu. Mwenye T2 anapata ishara kwenye bili, akiisoma atachukua hatua. Mwenye T1 hapati ishara yoyote, na hana sababu ya kutoa hela yake ili volti ya jirani ipande. Hatuwezi kumlaumu. Mwenye sababu ni mwenye laini, yaani TANESCO, kwa sababu yeye ndiye anayepoteza uniti njiani na ndiye mwenye transfoma inayojaa kabla ya wakati. Kwa hiyo kapasita za wadogo zinapaswa kuwa zake, kwenye nguzo za laini zenye mashine nyingi, ziingie msimu wa mavuno na kutoka msimu ukiisha. Si teknolojia ya mwezini, mashirika ya umeme duniani yanafanya hivyo kwa miongo mingi.

EWURA nao wana sehemu yao. Wanapopitia bei, waulize laini ya mashine inapoteza kiasi gani kabla ya kuruhusu hasara hiyo iingizwe kwenye bei ya uniti tunayolipa sote. Na vyuo vya VETA viwafundishe mafundi wetu kupima pawa fakta kwa kifaa, siyo kuikadiria kwa macho. Fundi mmoja anayejua jedwali lile la juu ana faida kwa bonde kuliko makontena ya vidude vya taa ya kijani.

Wapo watakaosema mchele wa Kilombero una matatizo makubwa kuliko haya: barabara, bei, madalali. Sibishi. Lakini barabara na madalali haviko mikononi mwa mwenye mashine. Bili iko mikononi mwake. Laki sita kwa mwezi zikigawanywa kwa magunia ya msimu, ndizo zinazoweza kuamua kama bei ya kukoboa itapanda tena mwakani au itabaki ilipo. Na anayelipa bei hiyo mwisho wa siku ni mama aliyeinama shambani tangu Januari.

Kwa hiyo kazi ya leo ni ndogo. Wenye T2, toeni bili ya mwezi wenye kazi nyingi kuliko yote, tafuteni mstari wa kVA, halafu mwiteni fundi mwenye kifaa apime kW mashine zote zikiwa kazini. Gawanyeni. Ikitoka chini ya 0.85, mnamlipia abiria asiyeshuka.

Wenye namba zenu, ziwekeni hapo chini kwenye maoni (majina ya viwanda si lazima) tufanye hesabu pamoja. Na kama kuna mdau kutoka TANESCO anasoma, karibu utuambie kwenye laini za bondeni kumefungwa kVAr ngapi.

Nawasilisha.